BIBI AMEZAA, LAKINI ROHO YAKE INALIA

Neno kwa wababa wa Butembo na Beni, na kwa ninyi mlio mbali machimboni



Kwetu mtoto akizaliwa, nyumba inajaa watu. Jirani analeta maharagi, shangazi analeta sabuni, wamama wa kanisa wanakuja kuimba na kuomba. Kila mmoja anauliza: "Ni kijana ao ni binti? Iko na kilo ngapi? Anafanana na nani?" Wote wanamtazama mtoto. Ni wachache wanaomtazama yule aliyelala kando ya mtoto na kumwuliza: "Na wewe mama, roho yako inaendelea namna gani?"

Kisha wageni wanarudi kwao. Bwana anarudi kazini, ao anapanda pikipiki kurudi machimboni. Mama anabaki. Na katika nyumba zingine furaha ile iliyoimbwa haimfikii mama hata kidogo. Analia usiku. Hataki kula. Anamnyonyesha mtoto huku anatazama ukuta. Watu wanaanza kusema: "Huyu muke iko na kichwa nguvu." "Hapana, ni muvivu tu." "Mi naona kama bamemuloga."

Mwezi huu tunataka kusema na jamaa zote juu ya jambo hilo, na zaidi na wababa. Maana mara nyingi bwana ndiye mtu wa kwanza anayeweza kuona, na ndiye wa kwanza anayeweza kuharibu ao kutengeneza.

MACHOZI YA AINA TATU

Ni vizuri kuzitofautisha, kwa sababu dawa yake si moja.

Ya kwanza ni huzuni ndogo ya kisha kuzaa. Siku ya tatu ao ya nne, wakati maziwa yanaanza kujaa, nusu ya wamama ao zaidi wanalia bila kujua sababu. Anacheka, kisha analia. Anakasirika juu ya neno dogo. Huo si ugonjwa. Mwili unabadilika kwa haraka, maumivu yangaliko, usingizi umekatika. Mama akipumzika na kutendewa kwa upole, inapita yenyewe ndani ya juma mbili.

Ya pili ni ugonjwa wa huzuni. Unaweza kuanza tangu mimba, ao juma chache kisha kuzaa, ao hata miezi mingi baadaye. Huo haupiti kwa siku mbili tatu. Mama anahuzunika karibu siku nzima, kila siku, zaidi ya juma mbili. Vitu vilivyompendeza havimpendezi tena: korali, soko, maongezi na dada yake. Hapati usingizi hata mtoto akilala. Ao analala mno na hawezi kuamka. Chakula hakishuki. Anajihukumu: "Mi ni mama mubaya." Anaogopa kupita kiasi kwamba mtoto atakufa, ao hasikii upendo wowote kwa mtoto, na jambo hilo linamwaibisha hata hawezi kulisema kwa mtu.

Shirika la Afya la Dunia linaonyesha kwamba katika wamama 100 waliozaa, karibu 13 wanapata ugonjwa wa roho wa namna hiyo. Katika nchi zenye umaskini hesabu inapanda mpaka karibu 20. Maana yake, ukiona wamama kumi kwenye benchi ya kituo cha afya wakingojea chanjo ya watoto, inawezekana wawili kati yao wanateseka, nao wamevaa kitenge kizuri na wanasalimu watu vizuri.

Ya tatu ni kuchafuka kwa akili. Hiyo ni ya mara chache, mmoja ao wawili kwa wazazi 1000, lakini ni ya hatari sana. Mara nyingi inaanza katika juma mbili za kwanza. Mama anasikia sauti zisizokuwako, anasema maneno yasiyopatana, halali kabisa siku nyingi, anaona mtoto kuwa kitu kibaya. Hapo hakuna kungojea hata siku moja. Tutarudia neno hilo hapa chini.

SI UVIVU, SI LAANA

Ngambo ya milima ya Ruwenzori, kule Uganda, Baganda tangu zamani wana jina kwa ugonjwa wa akili unaompata mama kisha kuzaa. Wanauita amakiro. Wengi waliamini kwamba unaletwa na uzinzi wa mama ao wa baba wakati wa mimba. Katika miaka ya 1970 munganga mmoja Mwingereza, John Cox, alifanya kazi Uganda. Hakucheka maneno ya wazee. Aliwasikiliza wamama, na mwaka wa 1979 akaandika juu ya amakiro. Baadaye alilinganisha wamama wa Uganda na wamama wa Scotland, akaona kwamba huku na huku huzuni ya kisha kuzaa iko. Mwaka wa 1987 yeye na wenzake walitoa maulizo kumi mafupi ya kumsaidia munganga kumtambua mama mwenye huzuni. Maulizo hayo yanaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, na leo yanatumiwa katika nchi nyingi za dunia.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, wale wanaosema "huu ni ugonjwa wa wazungu" wanakosea. Wazee wetu waliuona mbele ya hospitali kujengwa. Pili, waliona ugonjwa vizuri, lakini sababu waliyotoa ilimtwika mgonjwa mzigo mwingine. Mama anateseka, na juu yake anaambiwa: ulizini, ulilogwa, ulikosa heshima kwa mama mkwe. Sasa anabeba mizigo miwili.

Sababu za kweli ni nyingi, na mara nyingi zinakutana. Mwili umepoteza damu na nguvu. Usingizi umekatika usiku kwa usiku. Pengine alikwisha kupata huzuni hiyo kwa uzazi wa mbele, ao alizika mtoto. Pengine mimba haikutakiwa, ao binti aliolewa akiwa bado mdogo. Pengine deni la materniti halijalipwa. Pengine bwana anapiga, anakunywa, ao hajulikani aliko. Tena kuna magonjwa ya mwili yanayofanana na huzuni: damu kupunguka, malaria, homa ya kisha kuzaa. Ndiyo sababu mama huyu anapashwa kupimwa na munganga, si kuhukumiwa na jirani.

Na vyumba vya maombi? Maombi ni nguvu yetu, hatuyaachi. Lakini kumfungisha siku tatu mama anayenyonyesha, kumfunga kamba, kumpiga ili pepo atoke, hayo si maombi. Huko ni kumwumiza mgonjwa kwa jina la Mungu. Aombewe akiwa ameshiba, nyumbani kwake, mkono wa bwana wake ukiwa katika mkono wake. Na munganga amwone.

KWETU MZIGO NI MZITO ZAIDI

Tangu mwezi wa kumi 2014 mauaji yametesa watu wa Beni. Kuna wamama waliozaa wakiwa katika safari ya kukimbia, ao katika nyumba ya watu waliowapokea, bila kujua kama kijiji chao kingaliko. Kuna waliozaa wakiwa wajane. Mtu asiulize: "Juu ya nini analia?" Aulize: "Ameweza namna gani kusimama mpaka leo?"

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikianzia upande wa Mangina, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Tunakumbuka woga wa siku zile: mama mwenye mimba aliogopa kubaki nyumbani, akaogopa pia kwenda hospitali.

Lakini tukumbuke na jambo moja zuri lililofanyika kwetu wenyewe. Pembeni ya vituo vya kutunza wagonjwa, katika Beni na Butembo, kulifunguliwa nyumba za kulelea watoto ambao mama zao walikuwa ndani wakiugua. Na nani waliobeba watoto hao? Ni wale waliokuwa wamepona Ebola, sababu mwili wao ulikuwa umekwisha kupata kinga. Waliwabeba, wakawalisha, wakawaimbia. Hakuna aliyemwambia yule mama mgonjwa: "Wewe muvivu, ona mutoto wako anabebwa na wengine!" Wote walifahamu kwamba mama akiugua, mtoto anahitaji mikono mingine, na mama anapona vizuri akijua mtoto wake yuko salama.

Tulifanya hivyo kwa Ebola. Juu ya nini tusifanye vile kwa mama anayeugua rohoni?

BWANA AFANYE NINI?

Kumbukeni habari ya nabii Elia katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alichoka kabisa, akalala chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkaripia. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye. Baba mpendwa, fuata njia hiyo.

1. Mpe usingizi. Hiyo ni dawa ya kwanza. Mtoto akiisha kunyonya, mchukue wewe, mbebe, tembea naye uwanjani. Mama alale saa tatu ao nne bila kuamshwa. Jioni wafukuze wageni kwa upole: "Mama analala, mrudi kesho."

2. Angalia chakula chake. Mama anayenyonyesha anahitaji kula zaidi, si mabaki. Uji asubuhi, bugali na sombe na maharagi, samaki ao yai ikipatikana, matunda, maji mengi. Kama hana hamu, leta kidogo kidogo, kaa naye akila.

3. Shika kazi kwa mikono yako. Teka bidoni ya maji, washa makala, fua nguo za mtoto. Wengine watacheka: "Ona, bibi amemutawala!" Waache wacheke. Yule aliyemwaidia bibi yake mbele ya kanisa hakuahidi kwa siku za afya peke yake. Na usimrudishe shambani mapema kwa sababu majirani wanasema.

4. Uliza, kisha nyamaza usikie. Usiulize: "Una nini tena?" Sema: "Naona unateseka. Niambie, mi nasikia." Akilia, usimkatize. Usimpe mahubiri. Usimwambie: "Shukuru Mungu, wengine hawana mtoto." Anajua hayo, na ndiyo yanayomfanya ajione mwenye zambi. Elkana alimpenda Hana, lakini alipomwona analia alimwuliza kama yeye bwana hakumtosha. Alijifikiri mwenyewe. Sisi wababa tunakosa hivyo mara nyingi: bibi analia, na tunaona kama anatulaumu.

5. Mkinge na maneno. Kama mama yako mzazi ao dada zako wanamsema vibaya, ni kazi yako kuwazuia, kwa heshima lakini kwa nguvu. "Mama, muke wangu ni mugonjwa. Mutusaidie, musimuhukumu." Neno hilo likitoka kinywani mwa bwana, jamaa yote inabadilika.

6. Mpeleke kwenye kituo cha afya, nawe uingie naye. Usibaki inje na pikipiki. Mtoto anapashwa kupata chanjo kwenye juma la 6, la 10 na la 14. Siku hizo ni nafasi nzuri. Sema wazi: "Munganga, zaidi ya juma mbili bibi yangu halali na analia kila siku." Maana mara nyingi wanapima kilo ya mtoto na hakuna anayemwuliza mama. Ugonjwa huu unapona. Kuna msaada wa mazungumzo, na ikiwa ni lazima kuna dawa ambazo mama anaweza kumeza akiendelea kunyonyesha. Ni munganga anayezichagua. Msinunue vidonge sokoni.

7. Msilazimishane kitandani. Mwili na roho vinahitaji muda. Mkono wa upole begani unasaidia kuliko madai. Na mwongee pamoja na munganga juu ya kupanga uzazi, ili mimba nyingine isije mbele ya mama kupata nguvu.

KWA BABA ALIYE MACHIMBONI

Tunajua, wengi wenu mko upande wa Manguredjipa, ao Mambasa, ao mbali zaidi. Hamko huko kwa kucheza. Nyumba inakula kwa jasho lenu. Lakini sikieni simu ya kawaida namna inavyokwenda:

"Halo! Mutoto iko muzima?"
"Iko muzima."
"Feza ilifika?"
"Ilifika."
"Aya, rezo inakatika."

Huyo mama hakuulizwa neno hata moja juu yake mwenyewe. Sasa jaribu hivi:

"Na wewe, ulilala usiku?"
"Apana. Sijalala."
"Tangu siku ngapi?"
"Siku mingi. Mi nachoka, baba mutoto. Nachoka sana."
"Asante juu umeniambia. Leo nitaitia dada yako akuje kulala kwako. Na juma hii munaenda kwa munganga."

Si maneno mengi, lakini yanafungua mlango. Chagueni siku na saa ya kuitana, mahali rezo inapatikana, na usivunje ahadi hiyo. Chagua mtu mmoja wa kuaminika karibu na nyumba, dada ao mama wa kanisa, awe anaingia kila siku na kukupa habari za kweli. Ukituma feza, tenga sehemu kwa ajili ya mama mwenyewe: usafiri wa hospitali, vipimo, msichana wa kumsaidia kazi. Usiifiche habari ya feza, sababu mama anayeamka usiku akihesabu madeni hawezi kupona.

Na kama habari inakuwa mbaya, rudi. Tunajua kuna wakubwa wa shimo na kuna deni. Lakini zahabu iliyo ndani ya udongo haiozi, itangojea. Mama wa watoto wako hawezi kungojea namna hiyo.

WAKATI WA KUKIMBIA HOSPITALI

Mpelekeni siku ile ile, hata usiku ikiwa njia ni salama, kama mnaona moja ya mambo haya:

– anasema anataka kufa, ao kwamba watoto watakuwa vizuri bila yeye;
– anasema neno la kumwumiza mtoto, ao anamwogopa mtoto;
– anasikia ao kuona visivyokuwako, ao maneno yake hayapatani;
– halali wala kula kabisa kwa siku mbili tatu;
– ana homa kali, damu inatoka sana, ao anapoteza fahamu.

Usiogope kumwuliza wazi: "Unafikiri kujiua?" Kuuliza hakupandi wazo hilo ndani yake. Kunampa njia ya kusema. Msimwache peke yake, wala na mtoto peke yake. Ondoeni nyumbani sumu ya panya, dawa ya shamba na visu. Msimfunge kamba. Mtu anayempenda akae naye, amwongoze kwa sauti ya chini.

Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu ao hospitali kubwa ya Butembo ao Beni, na muombe kartasi ya kumhamisha ikihitajika. Katika Kivu yetu Mabruda wa Mapendo walianzisha nyumba za kutunza wagonjwa wa akili: SOSAME kule Bukavu, na Tulizo Letu kule Goma. Jina hilo la pili linasema vizuri kazi inayofanyika mle.

KANISA NA VIJANA WASIKIE

Katika vijiji vya Pakistan wafanyakazi wa afya wa kawaida, wamama wasiokuwa wanganga, walifundishwa kutembelea wamama wenye huzuni, kuongea nao, na kuleta jamaa yote katika msaada. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2008. Miezi sita kisha kuzaa, kwa wamama waliotembelewa na wale wasiopata mafundisho hayo, 53 kwa 100 walikuwa wangali katika ugonjwa. Kwa wale waliotembelewa na waliofundishwa, walikuwa 23 kwa 100. Hapakuwa mashini kubwa. Ilikuwa kiti, masikio, na kurudi tena juma linalofuata. Je, kikundi cha wamama, shirika na ma-RECO wetu wanashindwa hayo?

Lakini tujilinde na kosa la kuhani Eli. Alimwona Hana anaomba kwa uchungu, midomo inatikisika bila sauti, akafikiri amelewa. Kiongozi wa dini alikosea kabisa juu ya mwanamke mwenye huzuni. Uzuri wake ni kwamba Hana alipojieleza, Eli alisikia, akabadili neno lake, akambariki. Viongozi wetu wafuate sehemu hiyo ya pili.

Vijana, ninyi pia: dada yenu akizaa, msimwachie kazi. Kijana wa miaka 15 anaweza kuteka maji na kumbeba mtoto. Ukijifunza leo, utakuwa baba mzuri kesho.

Na wababa wenyewe tusiwasahau. Uchunguzi wa nchi mbalimbali ulionyesha kwamba karibu baba mmoja kwa kumi anapata huzuni katika wakati huo wa mimba na mtoto mchanga. Wengi wanaificha ndani ya kasiksi ao ndani ya hasira. Baba, ukiona unazama, tafuta mtu wa kusema naye. Hakuna aibu.

KWA MAZUNGUMZO NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wetu, mama akizaa, watu wanamtembelea siku ngapi? Na kisha hapo, nani anabaki naye?
2. Ni maneno gani tunayowaambia wazazi wapya ambayo yanawaumiza? Tuseme nini mahali pake?
3. Tusome 1 Wafalme 19 na 1 Samweli 1. Ni nani katika habari hizo aliyesaidia vizuri, na kwa njia gani?
4. Kuna mama gani karibu nasi ambaye bwana wake yuko machimboni? Nani ataingia kwake juma hili, siku gani, na atabeba nini mkononi?

Msijibu swali la nne kwa maneno tu. Andikeni jina na siku, kisha mwende.